Nyumbani anaweza, siku yenyewe anashindwa: Somo kutoka kwa Seve Ballesteros

Mzazi mwenzangu, huenda nawe una mtoto anayeumwa tumbo kila wiki ya mitihani. Hapa Mbeya nawaona mara nyingi, na wazazi wa Iringa hunipigia simu kuuliza jambo hilohilo. Nyumbani mtoto anamaliza hesabu zote, lakini siku yenyewe mikono inatetemeka na kichwa kinakuwa kitupu. Mwingine ni mchezaji: mazoezini anafunga penalti zote, mbele ya watu anapaisha.

Vipimo vikitoka salama, huwa nawasimulia wazazi hao maisha ya mcheza gofu mmoja. Najua gofu si mchezo wa wengi huku kwetu, ingawa aliyepita Mufindi huenda ameuona uwanja wake katikati ya mashamba ya chai. Lakini kwa somo hili unafaa kuliko mingine. Mpira umetulia na hakuna anayekukaba. Unapambana na moyo wako mwenyewe unaodunda.

Severiano Ballesteros, aliyejulikana kama Seve, alizaliwa Aprili 9, 1957 katika kijiji cha Pedreña, pwani ya kaskazini mwa Hispania. Familia yake ilikuwa ya kawaida. Kijijini palikuwa na uwanja wa gofu wa wenye uwezo, na watoto kama yeye waliingia kubeba mikoba ya wachezaji, si kucheza watakavyo. Akiwa mdogo alipata fimbo moja kuukuu ya chuma, namba tatu, ambayo kazi yake ni kupiga mbali. Kwa fimbo hiyo moja alijifunza kila kitu kwenye mchanga wa ufukweni: kuinua mpira juu, kuuviringisha taratibu, kuutoa shimoni. Usiku alipenya uwanjani kwa siri akapiga mipira gizani.

Hakuna aliyempangia, lakini mazoezi yake yalikuwa magumu kuliko mashindano. Alizoea kifaa kisichofaa, ardhi mbaya na hofu ya kukamatwa.

Alianza kucheza kwa malipo mwaka 1974 akiwa na miaka 16. Mwaka 1978 alifika jirani zetu Nairobi na kushinda Kenya Open. Mwaka uliofuata, katika siku ya mwisho ya mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza, mpira wake ulipotea njia ukaangukia eneo la kuegesha magari. Mwingine angeona mambo yameharibika. Yeye aliupiga ukarudi karibu na shimo, akafunga, na akatwaa kombe akiwa na miaka 22. Mwaka 1980 akawa Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters kule Marekani. Alimaliza na mataji makubwa matano.

Msomaji, elewa kinachotokea mwilini. Unapoogopa, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, vidole hupoa na kutetemeka, tumbo huvurugika. Huo si ugonjwa wala uoga wa kuzaliwa nao. Ila aliyejifunza akiwa ametulia tu, siku hiyo hukutana na mwili asioujua. Aliyeuzoea kidogo kidogo hutetemeka pia, lakini kazi inaendelea.

Usidhani mazoea hayo hukaa milele. Aprili 1986 Seve alikuwa akiongoza Masters siku ya mwisho. Mwaka ule alikuwa amecheza mashindano machache sana, na baba yake alikuwa amefariki wiki chache tu kabla. Katika shimo la 15 alipiga mpira majini, na ushindi ukaenda kwa Jack Nicklaus. Nikikutana na mtoto aliyeporomoka ghafla shuleni, swali langu la kwanza si kama anasoma. Nauliza nyumbani kumetokea nini.

Basi fanya hivi. Kwanza mtoto ajifunze akiwa ametulia, mpaka aweze. Kisha ongeza shinikizo dogo: swali moja kwa saa ya ukutani, penalti moja tu bila kurudia, au asome kwa sauti mbele ya shangazi na binamu. Anayekosa aoshe vyombo, na yaishie hapo. Mfundishe kuvuta pumzi na kuitoa polepole zaidi ya alivyoivuta, na kufanya maandalizi yaleyale kila mara kabla ya kuanza. Alale vya kutosha. Matusi, fimbo na kumlinganisha na mtoto wa jirani si mazoezi. Hapo unamwongezea hofu bila kumpa njia ya kuitawala.

Wala usidhani kila dalili ni woga. Oktoba 2008 Seve alipoteza fahamu katika uwanja wa ndege wa Madrid. Madaktari walikuta uvimbe kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara nne, akapewa dawa za saratani na mionzi. Alifariki nyumbani kwake Pedreña Mei 7, 2011, akiwa na miaka 54.

Kwa hiyo mtoto akizimia, hasa akiwa anakimbia, akipata degedege au maumivu ya kifua, au kichwa kikimuuma mara kwa mara na kutapika asubuhi, mlete hospitali bila kusubiri mitihani iishe. Mlete pia ikiwa kwa wiki kadhaa hali, halali, au anakataa kwenda shule.

Mengine yote anza leo jioni, sebuleni kwako, kwa swali moja na saa ya ukutani. Akikosa, cheka naye, kesho mrudie.