Frederick Selous: Bingwa wa Bunduki ya Risasi Moja Aliyepigana Bukoba

Tarehe 22 Juni, 1915, meli zilizotoka Kisumu zilishusha wanajeshi wa Uingereza katika ufuko wa Ziwa Victoria, kaskazini mwa Bukoba. Mji huo, ambao leo ni manispaa yenye kata kama Rwamishenye, ulikuwa wakati huo boma la Wajerumani lenye kituo cha simu ya upepo, na kituo hicho ndicho kilichofuatwa. Miongoni mwa maofisa wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers alikuwamo mzee wa miaka 63, Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyejulikana kuliko wote katika zama zake.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba, 1851. Mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka 19, aliwasili Afrika Kusini akiwa na pauni 400 na nia ya kuwinda tembo. Bunduki yake nzuri iliibiwa mapema, katika eneo la machimbo ya almasi. Kwa uchache wa fedha akanunua magobore mazito ya bei nafuu, yaliyoshindiliwa baruti kwa kukisia na kurusha risasi ya mviringo yenye uzito wa zaidi ya gramu 100. Lobengula, mfalme wa Wandebele, alimwona kijana mdogo mno kwa kazi hiyo, akamruhusu kuwinda huku akimcheka. Katika kipindi cha miaka mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874, kijana huyo aliua tembo 78 kwa magobore hayo, akiwafuata kwa miguu. Lakini teke la silaha hizo lilimwumiza vibaya, na baadaye alieleza kuwa liliharibu ulengaji wake kwa miaka mingi.

Ndiyo maana bunduki aliyokuja kuipenda ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Ilibuniwa na Mskoti John Farquharson, aliyepata hataza mwaka 1872, na kutengenezwa na kiwanda cha George Gibbs cha Bristol. Mtutu wake ulichongwa mifereji ya ndani kwa utaalamu wa mhandisi William Metford. Bunduki hiyo haikuwa na magazini. Mwindaji alivuta chini mkono wa chuma uliolala chini ya kifyatulio. Kipande kinene cha chuma kilichoziba nyuma ya mtutu kikateremka, na ganda tupu likatolewa. Akatia risasi moja kwa kidole, akarudisha mkono, kile chuma kikapanda na kuziba tena. Nyundo yake ilifichwa ndani, hivyo hakukuwa na kitu cha kunasa katika vichaka.

Ubora wa mtambo huo ulikuwa katika uchache wa sehemu zake. Chuma kilichoziba mtutu kiliegemea kuta za fremu yenyewe, kwa hiyo kilistahimili baruti nyingi bila kulegea. Kwa kuwa hapakuwa na komeo la kwenda mbele na nyuma, bunduki ilikuwa fupi ingawa mtutu wake ulikuwa mrefu. Mtutu mmoja ulilenga sawasawa bila taabu ya kuoanisha miwili, taabu iliyozifanya bunduki za mitutu miwili ziwe ghali sana. Zaidi ya yote, mwenye risasi moja hulazimika kunyata hadi awe karibu, kusubiri mnyama ageuke, na kutofyatua akiwa na shaka. Wapo wawindaji wanaovutiwa na nidhamu hiyo hadi leo, na kampuni ya Ruger ya Marekani ilifufua mtambo wa aina hiyo katika miaka ya 1960.

Hata hivyo, umahiri huo ulikuwa na gharama, na waliobeba gharama hiyo ni tembo. Wawindaji wa pembe walikuwa wengi, na ndani ya miaka michache tembo walitoweka katika nchi iliyofikika kwa farasi, wakabaki katika maeneo yenye mbung'o. Selous aliliona hilo na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1881. Baadaye aligeukia kukusanya vielelezo vya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mwaka 1890 aliwaongoza walowezi wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, na mwaka 1893 alishiriki vita dhidi ya Lobengula, yule yule aliyempa ruhusa ya kuwinda. Sifa za mwindaji hazifuti jambo hilo.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta ni mzee, na maombi yake ya kujiunga na jeshi yalikataliwa kwanza kwa sababu ya umri. Alipofika Afrika Mashariki mwaka 1915, sifa ya bunduki ya risasi moja ilikuwa imegeuka kuwa kasoro. Sehemu kubwa ya askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871, za risasi moja na baruti ya moshi. Kila mlio uliacha wingu lililoonyesha mpigaji alipo, ilhali Waingereza walikuwa na bunduki za magazini. Bukoba ilitekwa tarehe 23 Juni, mnara wa simu ya upepo ukabomolewa, mji ukaporwa, na wavamizi wakarudi melini.

Tarehe 4 Januari, 1917, Selous aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na Mto Rufiji, akiwa na umri wa miaka 65, na akazikwa hapo hapo. Mwanawe, rubani wa kivita, aliuawa barani Ulaya tarehe 4 Januari, 1918, mwaka mmoja kamili baada yake.

Mwaka 1922 pori la akiba la kusini mwa Tanganyika lilipewa jina la Selous, na mwaka 1982 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2019 Serikali ilitenga sehemu yake kubwa ya kaskazini kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi. Kaburi la mwindaji huyo limo ndani ya hifadhi hiyo.