Georgy Flyorov

Georgy Nikolayevich Flyorov (Rostov-on-Don, 2 Machi 1913 – Moscow, 19 Novemba 1990) alikuwa mwanafizikia wa Umoja wa Kisovyeti, mmoja wa waanzilishi wa utafiti wa elementi nzito sana.

Mwaka 1940, pamoja na Konstantin Petrzhak, aligundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka chenyewe bila kugongwa na nyutroni. Ili kuhakikisha kwamba mionzi kutoka angani haikuhusika, walirudia jaribio katika kituo cha reli ya chini ya ardhi mjini Moscow.

Ugunduzi huo ulifaa hata Tanzania. Mpasuko wa urani huacha alama ndogo katika kioo cha volkeno. Mwaka 1965 wanasayansi walitumia alama hizo kukadiria umri wa tabaka la chini la Bonde la Olduvai, wilayani Ngorongoro, kuwa takriban miaka milioni 2.

Mwaka 1957 Flyorov alianzisha maabara ya nyuklia huko Dubna ili kutengeneza elementi mpya. Hapo mpasuko uleule ukawa kikwazo. Protoni zikiwa nyingi husukumana, hivyo viini vinavyogonganishwa mara nyingi hupasuka badala ya kuungana. Atomu zinazopatikana ni chache na hudumu muda mfupi. Ndiyo maana Dubna na Berkeley, Marekani, zilibishana miaka mingi juu ya nani alitangulia kupata elementi 104 na 105.

Flyorov alifariki kabla ya elementi 114 kupatikana Dubna, katika majaribio ya kalisi na plutoni yaliyoanza mwaka 1998. Mwaka 2012 ilipewa jina la flerovi, kutokana na maabara inayoitwa kwa jina lake.