Eugene Debs: Mtia makaa aliyesimamisha reli za Marekani

Kijana wa miaka kumi na minne alipoacha shule mjini Terre Haute, jimbo la Indiana, na kuanza kukwangua rangi na grisi katika karakana ya reli kwa ujira wa senti 50 kwa siku, hakuna aliyedhani kwamba siku moja rais wa nchi angetuma majeshi kumkabili. Kijana huyo alikuwa Eugene Victor Debs, aliyezaliwa Novemba 5, 1855, mwana wa wahamiaji kutoka Alsace, Ufaransa.

Muda si muda alipandishwa kuwa mtia makaa kwenye injini. Kazi hiyo ilikuwa ya jasho na hatari, kwani ajali ziliua na kulemaza wengi, na mwaka wa 1874 aliiacha baada ya rafiki yake kufa chini ya magurudumu. Hata hivyo, hakuwapa wenzake kisogo. Mwaka uliofuata alijiunga na chama cha watia makaa, na kufikia 1880 alikuwa katibu wake mkuu, mweka hazina na mhariri wa jarida lake. Wakati huo alikuwa mtu wa maridhiano, asiyependa migomo.

Kilichombadilisha ni mgomo wa 1888 katika kampuni ya reli ya Burlington. Waendeshaji injini na watia makaa waligoma, nayo kampuni ikaajiri watu wengine kujaza nafasi zao. Wagomaji walishindwa kabisa. Debs aling'amua kwamba kila fani ilikuwa na chama chake, na kila chama kilikuwa tayari kuketi kando mwenzake akichinjwa.

Juni 1893, jijini Chicago, alianzisha Chama cha Reli cha Marekani, kilichowakusanya wote: waendeshaji, wafunga breki, makarani na wachimba njia. Wote, lakini weupe tu. Debs aliwasihi wajumbe wawakubali weusi, akashindwa katika kura ya 1894 kwa tofauti ndogo. Doa hilo liliwagharimu wagomaji, na ni haki lisemwe.

Mwaka huo huo wa 1893 uchumi uliporomoka. Kampuni za reli, ambazo nyingi zilikuwa za watu binafsi, zilikuwa zimejenga njia nyingi kupita kiasi na kunyang'anyana shehena za nafaka na mbao. James Hill, mwenye reli ya Great Northern iliyokuwa imetoka tu kufika pwani ya Pasifiki, alikuwa bingwa wa kubeba mizigo kwa bei nafuu kuliko wapinzani wake. Unafuu huo ulikuwa na mlipaji wake. Mishahara ilikatwa mara tatu ndani ya miezi michache. Aprili 1894 wafanyakazi waligoma, na kwa siku 18 mizigo ikakwama. Wafanyabiashara walioitwa kusuluhisha waliwapa wagomaji karibu yote waliyodai. Wanachama wapya walimiminika, na hesabu yao ikafika 150,000.

Ushindi huo ulileta msiba. Mwezi Mei, mafundi waliounda mabehewa ya kulala ya George Pullman, jijini Chicago, waligoma. Alikuwa amewapunguzia mishahara kwa takriban robo, ilhali kodi ya nyumba zake walimoishi haikushuka hata senti. Debs aliwashauri wanachama wake wasijitose; hawakumsikiza. Kuanzia Juni 26 walikataa kuunganisha mabehewa ya Pullman kwenye garimoshi lolote.

Hapo ndipo kampuni 24 zenye njia za kufika Chicago, mahasimu katika kugombania mizigo, zilipojifunga kibwebwe pamoja. Chama cha mameneja wao kilileta vibarua wa kuvunja mgomo, na mabehewa ya Pullman yakaunganishwa na ya barua ili anayeyazuia aonekane anazuia posta ya serikali. Mkuu wa sheria, Richard Olney, aliyewahi kuwa wakili wa reli, alipata amri ya mahakama Julai 2. Rais Grover Cleveland akatuma wanajeshi, licha ya pingamizi la gavana wa Illinois, John Altgeld. Mamia ya mabehewa ya mizigo yaliteketezwa, na watu wapatao 30 waliuawa.

Vyama vya zamani vya fani, kikiwemo kile cha watia makaa alichokijenga Debs mwenyewe, havikumuunga mkono. Alikamatwa, na licha ya utetezi wa Clarence Darrow, wakili aliyeacha kazi ya kampuni ya reli, alifungwa miezi sita katika jela ya Woodstock. Chama chake kilisambaratika.

Alitoka Novemba 1895, na baadaye akawa msoshalisti. Aliwania urais mara tano, akaizunguka nchi kwa garimoshi la kukodi mwaka wa 1908. Hotuba ya Juni 1918 ya kupinga vita ilimletea kifungo cha miaka kumi. Hata akiwa gerezani Atlanta, alipata kura zaidi ya 900,000 mwaka wa 1920. Rais Warren Harding alimwachilia Krismasi ya 1921, afya yake ikiwa imedhoofika.

Debs alifariki Oktoba 20, 1926, huko Elmhurst, Illinois. Nyumba yake mjini Terre Haute imehifadhiwa kuwa makumbusho.