Sayyid Said na Ua Lisiloachwa Lifunguke

Sayyid Said bin Sultan alizaliwa Omani mwaka wa 1791, akashika utawala angali kijana. Alipofika Unguja mwaka wa 1828 alikuta mikarafuu iliyokwisha kuletwa, yasimuliwa, kutoka Bourbon, kisiwa cha Wafaransa. Akauona mti huo kuwa ni mali. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na asiyetii anyang'anywe shamba.

Ama karafuu si tunda wala mbegu, bali ni tumba la ua, nalo huchumwa kabla halijafunguka. Likiachwa, hufunguka na kutoa nyuzi nyingi zenye vumbi la uzazi. Vumbi hilo, likiisha kufika penye sehemu ya kike ya ua, mbegu hutungwa ndani ya tunda. Mbegu hiyo haivumilii kukauka. Hupandwa mbichi, na mche wake hutaka kivuli. Basi kila tumba lililochumwa ni mbegu iliyozuiliwa, na mwenye kutaka kuongeza miti hana budi kuyaacha baadhi ya matumba yafunguke.

Tena kila mmea hutoa maua kwa kufuata hali ya nchi. Katika nyanda za Mufindi, iliko Nyololo, pareto hutaka baridi ndipo itoe matumba, na ua lake huchumwa likiisha kufunguka. Mkarafuu hutaka joto, na baridi ya namna hiyo huudhuru.

Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi usizae; lakini ukiisha kuzaa, tumba halingoji. Mikono mingi hutakiwa kwa wakati mmoja, na zamani zile mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, wengi wao wametolewa bara. Mwaka wa 1845 Sayyid alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni, walakini mashambani utumwa ulibaki; sheria haikuuondoa hata mwaka wa 1897. Jina la mtawala likahifadhiwa, na majina ya wachumaji wengi yakapotea.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856, akirudi kutoka Omani, akazikwa Unguja. Mwaka wa 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndipo mashamba yakapandwa upya, kwa mbegu za maua yaliyoachwa yafunguke.