Alichora Kwa Saa Mbili, Akatrend Miaka 78 Baada ya Kufa: Mjue Mzee Elías García Martínez

Hii sura unaijua. Ile ya Yesu kanisani, macho kama ya mtu ameamshwa usiku, mdomo umepotea, kichwa kimezungukwa na kitu kama kofia ya manyoya. Kama ulikuwa mtandaoni 2012, lazima kuna mtu alikutumia ukacheka hadi machozi.

Sasa niambie, nani alichora ile ya kwanza, kabla iharibiwe? Hujui. Usijali, wengi wetu hatujui.

Jamaa anaitwa Elías García Martínez. Alizaliwa 1858 huko Requena, Uhispania, pande za Valencia. Alisomea uchoraji Valencia, halafu baadaye akahamia Zaragoza, akawa mwalimu kwa shule ya sanaa. Huyu hakuwa msee wa kubahatisha. Kwake sanaa ilikuwa ya damu: kijana wake Julio alikuwa mchoraji, na Honorio akawa mchongaji wa sanamu, akafika hadi Paris kusaka jina.

Likizo, mzee alikuwa anaenda Borja, mji mdogo wa watu kama 5,000, si mbali na Zaragoza. Nje ya huo mji, juu mlimani, kuna kanisa linaitwa Santuario de Misericordia. Karibu mwaka wa 1930, akiwa ameshapita miaka 70, alishika brashi akachora Yesu na taji la miiba moja kwa moja kwa ukuta. Picha inaitwa Ecce Homo. Ilikuwa ndogo tu, na aliacha maandishi kwamba ni kazi ya saa mbili, aliyofanya kwa heshima ya Bikira Maria.

Saa mbili! Wewe kuna siku umekaa kwa kiti cha kinyozi saa mbili.

Mzee alikufa 1934. Picha ikabaki hapo, ukuta ukashika unyevunyevu, rangi ikaanza kubambuka pole pole. Miaka ikapita.

Ndio akaingia Cecilia Giménez, shosho wa miaka 81, muumini wa hapo na mtu wa kupenda kuchora. Aliona uso wa Yesu unaisha, roho ikamuuma, akaamua kuusaidia. Kulingana na yeye, padri alijua, na hata hakuwa amemaliza: alienda likizo akipanga kurudi kumalizia. Hakupata hiyo nafasi.

Na hapa ndio inauma. Wakati huo mjukuu wa Elías alikuwa ametoa mchango ndio kazi ya babu yake itunzwe. Watu walipoenda kucheki picha, wakakutana na ile sura. Agosti 2012 habari ikatoka, na dunia nzima ikaangua kicheko.

Familia ya Elías iliumia. Cecilia naye alilia, mawazo yakamshinda hadi akalala kitandani. Watu wawili waliopenda ukuta mmoja, wote wakawa kichekesho.

Halafu mambo yakageuka. Watu wakaanza kumiminika Borja kupiga selfie. Mwaka wa kwanza pekee walifika zaidi ya 40,000. Kanisa likaanza kulipisha euro moja mlangoni, doo ikasaidia kutunza wazee. Mahoteli na mikahawa ya hapo ikapata wateja. 2016 wakafungua kituo cha wageni, na mwaka huo huo ikachezwa opera ya vichekesho kuhusu hii stori. Picha ya Cecilia haikufutwa. Imelindwa hapo hapo ukutani.

Sasa fikiria mzee Elías. Miaka yote ya kufundisha, kazi zote alizochora kwa jasho, na kitu kimempa jina ni ile ya saa mbili za likizo, tena kwa sababu haiko. Bila Cecilia, picha ingeendelea kubambuka hadi iishe, na mimi na wewe hatungewahi kusikia jina lake. Lakini kazi aliyompa Bikira Maria kwa mkono wake, hiyo ilienda, na hakuna kiingilio cha euro moja kitairudisha.

Kwa hivyo siku ingine ukikutana na hiyo meme, cheka tu, ni sawa. Lakini umtaje mzee pia. Na ungekuwa wewe, ungechagua gani: kazi yako ibaki safi na isahaulike, ama iharibiwe na ujulikane dunia nzima?