Svante Arrhenius: Mswidi aliyekokotoa joto la dunia kwa kalamu na karatasi

KABLA ya serikali za ulimwengu kuafikiana mjini Paris, Ufaransa, mwaka wa 2015 kwamba joto la dunia lisiachwe kupanda kufikia nyuzi 2, na ikiwezekana lisipite 1.5, ilibidi kwanza atokee mtu wa kupima ni kiasi gani cha gesi kinacholeta kiasi gani cha joto. Mtu huyo ni Svante August Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi, na hesabu zake zilichapishwa mwaka wa 1896, zama ambazo gari la petroli lilikuwa kioja hata Ulaya kwenyewe.

Alizaliwa Februari 19, 1859 katika eneo la Vik, karibu na mji wa Uppsala, ambako baba yake alikuwa mpima ardhi na msimamizi wa mali ya chuo kikuu. Inasimuliwa kwamba alijua kusoma akiwa na umri wa miaka mitatu bila ya kufundishwa na yeyote.

Kipaji hicho hakikumkinga na dharau ya wakubwa wake. Mwaka wa 1884 aliwasilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu jinsi chumvi iliyoyeyuka majini inavyopitisha umeme. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya nadharia kwamba chumvi hiyo hugawanyika kuwa chembe zenye chaji, yaani ioni. Maprofesa wa Uppsala hawakuridhika, wakampa alama duni kiasi cha kumfungia mlango wa kufundisha chuoni humo. Kijana huyo hakukaa akiomboleza. Alituma nakala za tasnifu kwa magwiji wa sayansi barani Ulaya, na mmoja wao, Wilhelm Ostwald aliyekuwa akifundisha Riga, akafunga safari hadi Uppsala kumwona. Bila shaka waliomkejeli waliona haya. Mwaka wa 1903 nadharia hiyo hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akawa Mswidi wa kwanza kuitwaa.

Hata hivyo, kazi inayofanya jina lake litajwe mno siku hizi ilianza kama swali la kando. Wasomi wa Stockholm walikuwa wakibishana kuhusu chanzo cha enzi za barafu, pale sehemu kubwa ya Ulaya ilipofunikwa na theluji kwa maelfu ya miaka. Tayari John Tyndall wa Uingereza alikuwa ameonyesha kwamba mvuke wa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi hunasa joto linalotoka ardhini. Arrhenius alitaka kujua iwapo kupungua kwa kaboni hiyo angani kungetosha kuleta barafu.

Alitumia vipimo vya Mmarekani Samuel Langley, aliyekuwa amepima joto linalotoka mwezini. Mwezi ukiwa chini karibu na upeo wa macho, miali yake hupita katika hewa nyingi zaidi kuliko unapokuwa utosini, na tofauti hiyo humwonyesha mtaalamu ni kiasi gani kinachonaswa njiani. Kuanzia mwisho wa 1894, Arrhenius alikokotoa joto la kila ukanda wa dunia, kwa kila msimu na kwa viwango mbalimbali vya kaboni. Mahesabu hayo, maelfu kwa maelfu, yalimchukua takriban mwaka mzima, na kompyuta haikuwapo. Nyumbani nako hakukuwa na amani. Ndoa yake na Sofia Rudbeck, aliyekuwa mwanafunzi wake, ilikuwa ikivunjika baada ya muda mfupi tu, ingawa mwana wao Olof alizaliwa mwaka wa 1895.

Jibu lilikuwa hili: kaboni ikiongezeka maradufu, joto lingepanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Katika jedwali lake ikweta, mstari unaopita Nanyuki na Maseno, ilipata takriban 5, nayo maeneo ya kaskazini takriban 6. Kwamba kaskazini kungepata joto kuliko kwetu ni jambo lililothibitishwa baadaye.

Mwenzake Arvid Högbom alikuwa amekadiria kaboni iliyotoka kwenye viwanda vilivyochoma makaa ya mawe, wakati huo takriban tani milioni 500 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, Arrhenius aliona kuwa maelfu ya miaka yangepita kabla ya mabadiliko makubwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1906 alikiri kuwa uchomaji umeongezeka na kwamba karne chache zingetosha. Tena alifurahi. Aliamini vizazi vijavyo vingepata hali ya hewa nzuri na mavuno mengi. Mtu wa nchi ambako jua la Desemba huonekana kwa saa chache tu asilaumiwe mno kwa kulitamani joto.

Mwaka wa 1900, Mswidi mwenzake Knut Ångström alifanya jaribio lililoonekana kumbomoa, na wengi wakaipuuza hoja hiyo hadi Guy Callendar wa Uingereza alipoifufua mwaka wa 1938. Leo jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya 2021, linakadiria nyuzi 2.5 hadi 4. Kwa mtu aliyetegemea mbalamwezi, hakukosea sana.

Hakuwa malaika. Inaaminika na wanahistoria kwamba alitumia ushawishi wake kumnyima Mrusi Dmitri Mendeleev Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906, na aliketi katika bodi ya chama cha Uswidi kilichotetea usafi wa mbari, fikra zilizowatesa wengi baadaye. Wanaomsifu aghalabu huruka ukurasa huo.

Arrhenius alifariki Oktoba 2, 1927 mjini Stockholm akiwa na umri wa miaka 68, akazikwa Uppsala. Mjukuu wake Gustaf, mwana wa Olof, alikuja kuwa mtafiti katika taasisi ya Scripps, California. Ni katika taasisi hiyo hiyo ambapo Charles Keeling alianza mwaka wa 1958 kupima kaboni kutoka mlima Mauna Loa, Hawaii. Kipimo kilianza kwa sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Sasa kimepita 420.