Jones wa Rabai na Watoro Wake

Ndugu msomaji, nikitaja neno mtoro hapa shuleni kwetu, wengi watamkumbuka yule anayeruka ua Jumamosi kwenda Ukunda, na kiranja anamngoja langoni na kalamu mkononi. Leo nawaletea watoro wa aina nyingine kabisa, pamoja na mwalimu aliyewapokea.

Lakini kwanza nikiri jambo. Kwenye mdahalo wa muhula wa pili, hoja ilikuwa kwamba kazi za Jumamosi za Chama cha Wakristo, yaani kuwachotea maji wazee wa kijijini na kuwapalilia mahindi, zisimamishwe mpaka mitihani ipite. Mimi niliiunga mkono, tena kwa sauti kubwa. Nilisema dini ina kipindi chake kwenye ratiba, kitabu kina wakati wake, na jembe lina likizo. Nikapigiwa makofi mpaka nikajiona wakili. Wiki mbili baadaye tukaenda ziara Rabai. Tulivuka feri Likoni, tukapita Mombasa hadi Mazeras, tukaingia Rabai kuyaona Makumbusho ya Krapf. Wenzangu walirudi wakiongea habari za Krapf na Rebmann. Mimi nilirudi na jina la mtu mmoja, nikakaa maktaba nikimtafuta.

Mtu huyo ni William Henry Jones. Jina ni la Kizungu, lakini mwenyewe alikuwa Myao, kabila la watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Alizaliwa yapata mwaka 1840. Akiwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani, kisha akaokolewa na Waingereza baharini. Hakurudishwa kwao. Alipelekwa Bombay, ng'ambo ya bahari, na huko akasomeshwa na wamisheni wa Kianglikana wa C.M.S.

Hapa nataka tukae kidogo, maanake ndipo penye jibu la mdahalo wetu. Wamisheni hao walikuwa na kituo cha Waafrika waliookolewa utumwani mahali paitwapo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Mtoto hakusoma Biblia na hesabu tu. Alifundishwa pia useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono, ili akitoka aweze kujitegemea na kuwafaa wenzake. Mmoja wa vijana wa Nasik alikuwa Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya mazishi kule porini na kuchonga maandishi kwenye mti, kisha akawa miongoni mwa walioubeba mwili mpaka pwani. Sala, kisu na miguu, vyote kwa mpigo. Sijui mtahini angempa alama ngapi.

Basi mwaka 1864 Jones aliletwa Mombasa pamoja na wenziwe wa Bombay, akina Ishmael Semler na George David. Rabai alikuwako mzee Rebmann, Mjerumani aliyefika tangu 1846. Miaka yote hiyo waumini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na macho ya mzee mwenyewe yalikuwa yakififia. Bartle Frere alipopita mwaka 1873 alimkuta karibu ni kipofu.

Mwaka huohuo Sultan Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Ati mambo yakaisha? La hasha! Misafara ikahamia nchi kavu. Watu walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa na Pangani kufuata pwani, wakaingia kwetu huku kupitia Vanga, wakaendelea kaskazini. Barabara tunayopandia matatu kwenda Lunga Lunga, jirani yake walipita watu wamefungwa minyororo. Shimoni nako, wenyeji hutuonyesha mapango na kusema watumwa walifichwa humo.

Waliookolewa na manowari sasa walihitaji pa kuishi, ndipo kikaanzishwa kijiji cha Freretown mwaka 1874 na 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kila aliyewahi kushuka Kengeleni ameiona kengele yao. Palikuwa na shule, kanisa na mashamba. Tusipambe: palikuwa na viboko pia. Mwaka 1881 malalamiko juu ya adhabu kali za pale yalifika mpaka kwa serikali ya Uingereza, na msimamizi akaondolewa. Hao watu wa Bombay nao walilalamika kwamba Wazungu waliwadharau, ingawa kazi ilikuwa ileile. Kumbe mtu anaweza kufundisha upendo asubuhi na kushika mjeledi mchana.

Jones akawa msimamizi wa Rabai. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, yeye na Semler, na miezi michache tu baadaye akamchukua safari ya Uganda. Walikwenda na wapagazi kama mia mbili. Walipofika kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, askofu alitangulia na watu hamsini, akamwachia Jones waliobaki. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja, habari mbaya zikamfikia, akabaki na msafara mzima shingoni mwake. Aliwaongoza watu wake kurudi mpaka Rabai, wakafika Februari 1886. Nikifikiria mimi na darasa la watu arobaini ninavyoshindwa kulinyamazisha, naona aibu.

Lakini jambo kubwa lilikuwa la watoro. Watoro ni watumwa waliotoroka mashambani kwa mabwana zao wa pwani. Misheni ilikuwa imewaahidi mabwana hao kwamba haitawaficha, maana wenye watumwa walikuwa wametishia kuvivamia vituo. Ahadi ikabaki kwenye karatasi. Rabai, mikononi mwa Jones, watoro walipata mahali pa kujenga na kulima, na wengi wakaingia darasani na kanisani. Walikuwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1888 Mchungaji Price, mwanzilishi wa Freretown, alirudi kutoka Uingereza akafanya uchunguzi. Alikuta si wawili watatu, ni mamia!

Wako watakaosema Jones aliwavunjia wakubwa wake ahadi. Ni kweli. Mimi nasema hivi: mtu aliyepigiwa bei akiwa mtoto, utamwambiaje amrudishe mwenziwe kwenye kamba, halafu Jumapili apande mimbarini? Angefundisha nini? Darasa lenyewe lingemcheka.

Mambo yakachacha. Wenye watumwa walidai mali yao, na ilionekana damu itamwagika. Aliyepata njia ni George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza, I.B.E.A., iliyokuwa imeanza kutawala pwani. Alikubaliana na mabwana walipwe fidia kwa kila mtoro aliyepatikana kwenye vituo vya misheni. Tarehe 1 Januari, 1889, watu walikusanyika Rabai, hati za uhuru zikatolewa. Jumla yao ilipita 1,400, na wengi walikuwa wa Rabai.

Angalia lakini pesa zilikwenda wapi. Aliyelipwa ni yule aliyemlimisha mwenziwe bure, na aliyelima alipata karatasi. Na waliobaki mashambani hawakupata hata hiyo karatasi. Kisheria utumwa ulifutwa pwani yetu mwaka 1907, miaka 18 baadaye. Watoro wa Rabai walikuwa wamewatangulia, kwa sababu mwalimu mmoja hakuona kwamba kazi yake inaishia ubaoni.

Jumamosi iliyofuata ziara nilikwenda na wenzangu wa Chama cha Wakristo kwa bibi mmoja kijijini. Wawili kati yetu walikuwa Waislamu, hakuna aliyeuliza. Bibi alinitazama viganja, akacheka, akanipa jembe dogo kuliko yote. Kufika saa sita nilikuwa na malengelenge manne.

Mdahalo ule utarudiwa muhula ujao. Nimemwomba katibu anihamishie upande wa wapinzani. Amenijibu upande huo umeshajaa, na kwamba hotuba yangu ya kwanza ilipendeza mno, nirudi nayo vilevile.